Mikoa 31, leya 10: namna ya kuunganisha mikoa kuwa kanda kwenye ramani

Dada yangu wa Morogoro, swali lako nimelisoma vizuri na naliweka hapa kwa kifupi ili na wengine wafuate. Uko kampuni ya mbegu, umetengeneza ramani ya mawakala kwenye Google My Maps, ukaanza na leya (tabaka la ramani) moja kwa kila mkoa, ulipofika mkoa wa kumi na moja ikakugomea. Ukaamua uunganishe mikoa iwe kanda saba za kampuni, ukaingia QGIS (programu ya bure ya ramani kwenye kompyuta), ukaunganisha, lakini mistari ya mipaka ya ndani bado inaonekana, Songwe haionekani kabisa, na mawakala wako, ambao ni 3,400 hivi, hawaingii wote kwa mpigo. Unauliza kama kuna njia ya kuongeza leya au ulipie kitu.

Hakuna cha kulipia hapo. My Maps dari lake ni leya 10 kwa ramani moja, basi. Na sio hilo tu, kila leya inabeba vitu 2,000 mwisho, ramani nzima vitu 10,000, na mistari na poligoni (maumbo ya maeneo) zote kwa pamoja zisizidi nukta 50,000 za kuchorea, halafu faili la KML (aina ya faili la ramani) unalopandisha lisizidi MB 5. Hilo la nukta 50,000 watu wengi hawalijui na ndo linawaumiza zaidi kuliko la leya, nitalirudia chini maana kwako lazima litakukuta.

Ila kabla ya kuhangaika na dari, mi naona tatizo lenyewe liko kwenye mpangilio. Leya sio mkoa. Leya ni aina ya kitu: mawakala leya moja, mipaka leya moja, maghala leya moja, barabara leya moja. Mkoa ni taarifa ya hicho kitu, kwahiyo mahali pake ni kwenye kolamu. Mwalimu hafungui daftari jipya la mahudhurio kwa kila mwanafunzi, anafungua moja na kila mtoto anapata mstari wake. Ukishaiweka hivyo akilini, dari la leya 10 linakuwa halikugusi tena, kwasababu hata ungekuwa na mikoa mia bado ni leya moja yenye kolamu inayoitwa mkoa na nyingine inayoitwa kanda, na rangi unaipa kwa kufuata kolamu. My Maps yenyewe inaruhusu hiyo, pale chini ya jina la leya kuna sehemu ya mtindo, unachagua ipake rangi kwa kufuata kolamu ya kanda na inakugawia rangi saba yenyewe.

Sasa kazi uliyoifanya tayari usiitupe. Kwenye My Maps fungua menyu ya ramani, chagua kutoa KML ya ramani nzima, na utie tiki kile kisanduku cha kutoa KML badala ya KMZ, maana KMZ ni faili lililobanwa na linaleta usumbufu usio na sababu. Liburute faili hilo ndani ya QGIS, itakuuliza unataka leya zipi, chagua zote kumi. Halafu nenda Vector, Data Management Tools, Merge Vector Layers. Hapa kuna zawadi ambayo wengi hawaioni: kifaa hiki kikiunganisha kinaongeza kolamu mbili chenyewe, moja inaitwa layer na nyingine path, na ile ya layer inabeba jina la leya ambako kila nukta ilitoka. Kwakuwa wewe ulizipa leya majina ya mikoa, ina maana kolamu ya mkoa umeshaipata bila kuandika hata neno moja. Unaibadilisha jina tu. Angalizo ni kwamba haichanganyi nukta na poligoni, kwahiyo nukta za mawakala unaziunganisha peke yake na poligoni peke yake. Na angalizo la pili, data ikipita kwenye KML namba nyingi zinageuka kuwa maandishi, ukija kujumlisha magunia unashangaa inakataa, tumia Refactor fields kuirudisha kolamu kuwa namba kabla hujaendelea.

Zile poligoni za mikoa ulizochora kwa mkono kwenye My Maps, hizo dada yangu ziache. Najua umezitolea jasho lakini ndo chanzo cha mistari ya ndani. Ukichora mpaka wa Iringa kwa mkono na ukachora mpaka wa Njombe kwa mkono, hiyo mistari miwili haiwezi kukaa juu ya mwenzake sawasawa, kuna mahali itaachana kidogo na mahali itapandana, na kompyuta haielewi kwamba ulikusudia iwe mpaka mmoja. Ukiiambia iunganishe inaunganisha panapogusana tu, zile nyufa nyembamba zinabaki na ndizo unaziona kama mstari. My Maps haina kifaa cha kunatisha mpaka kwenye mpaka wala cha kuunganisha poligoni, kwahiyo hakuna namna ya kuzirekebisha kule.

Chukua mipaka rasmi. Ofisi ya Taifa ya Takwimu inatoa mipaka iliyotumika kwenye sensa, na shirika la Umoja wa Mataifa la OCHA linaweka mipaka ya nchi nyingi ikiwemo Tanzania kwenye tovuti yake ya HDX, bure. Ila angalia mwaka wa faili, hapo ndo Songwe wako alipopotelea. Manyara ilitoka Arusha mwaka 2002, hapo mikoa ikawa 26 ukijumlisha mitano ya Zanzibar. Mwaka 2012 ikaongezeka Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, ikawa 30, na sensa ya 2012 ilifanyika na hiyo 30. Songwe ikamegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, ikawa 31, na hiyo ndo iliyotumika sensa ya 2022. Kwahiyo hesabu mistari kwenye jedwali la faili lako: ukikuta 30 ni la kabla ya Songwe, ukikuta 26 ni la zamani zaidi, usilitumie. Na usijaribu kuchanganya, yaani uchukue faili la zamani halafu umtafute Songwe kwenye faili lingine umbandike juu, maana Mbeya ya faili la zamani bado ina eneo lote la Songwe ndani yake, utapata eneo moja lililohesabiwa mara mbili. Geita ndo mbaya kabisa kwenye mchezo huo, haikutoka mkoa mmoja: Geita yenyewe na Nyang'hwale zilikuwa Mwanza, Chato ilikuwa Kagera, Bukombe na Mbogwe zilikuwa Shinyanga. Huwezi kuipata kwa kukata mkoa mmoja.

Kwa sababu hiyo na nyingine nitakayosema sasa hivi, mi nakushauri usianze na faili la mikoa, anza na la wilaya. Sababu yenyewe ni kanda zenu. Umesema Morogoro mmeigawa, Kilombero, Ulanga na Malinyi ziko kanda ya kusini kwasababu gari la mzigo linaingilia Mikumi kwenda Ifakara, na wilaya zilizobaki ziko kanda ya mashariki. Kwa faili la mikoa hilo haliwezekani kabisa, Morogoro ni kipande kimoja. Kwa faili la wilaya ni kazi ya kawaida, kila wilaya unaiandikia kanda yake na mpaka wa mkoa haukubani. Na kanda sio kitu kilichoandikwa kwenye sheria kama mkoa, kila taasisi inajipangia. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2015-16 kwa mfano una kanda nane za bara na Zanzibar ya tisa, Manyara imewekwa kanda ya kati pamoja na Dodoma na Singida wakati watu wengi mtaani ukiwauliza watakwambia Manyara ni kaskazini, na Ruvuma imewekwa nyanda za juu kusini pamoja na Iringa na Njombe sio kusini na Lindi na Mtwara. Kwahiyo kabla hujagusa kompyuta keti na meneja mauzo, mwandike orodha kwenye karatasi ya Eksel, wilaya moja mstari mmoja, kanda pembeni, mkubaliane. Siku akibadilisha mawazo unabadilisha Eksel tu.

Hiyo Eksel sasa ndo utaiunganisha na faili la wilaya ndani ya QGIS, kwenye tabia za leya kuna sehemu ya Joins. Hapa majina yatakusumbua. Faili moja limeandika Pwani lingine Coast, moja Kaskazini Unguja lingine Zanzibar North, moja Dar es Salaam lingine Dar-es-salaam, na kuna wale wanaoacha nafasi tupu mwisho wa jina ambayo huioni kwa macho lakini kompyuta inaiona na inakataa kulinganisha. Wilaya ndo zaidi, kuna Iringa mjini na Iringa vijijini, kuna Songwe wilaya ndani ya Songwe mkoa, ukiunganisha kwa jina tu unaweza ukapeleka taarifa pasipo. Mafaili ya OCHA yana msimbo wa kila eneo unaoanza na TZ, uinakili huo msimbo kwenye Eksel yako na uunganishe kwa msimbo, usitegemee jina. Ukimaliza panga jedwali kwa kolamu ya kanda, mistari yoyote iliyobaki tupu ni wilaya iliyokosa mwenzake, irekebishe kwa mkono kabla ya kusonga mbele.

Kama kanda zenu zingefuata mikoa mizima ungeweza kuruka Eksel na kuandika kwenye Field Calculator kitu kama hiki:

CASE
WHEN "mkoa" IN ('Lindi','Mtwara') THEN 'Kusini'
WHEN "mkoa" IN ('Dodoma','Singida') THEN 'Kati'
ELSE 'BADO'
END

Jina la kolamu linakaa kwenye alama mbili za kunukuu, thamani inakaa kwenye alama moja, wengi wanazichanganya na inawagomea bila kuwaambia kwanini. Na hiyo ELSE usiiache, neno BADO litakuonyesha mara moja ulichosahau.

Baada ya hapo kimbiza Fix geometries, ni dakika moja, inatibu poligoni zilizojikata zenyewe ambazo zingekuja kukwamisha kila kitu mbele. Halafu usikimbilie kuunganisha bado, kwanza punguza nukta, na hapa narudi kwenye lile dari la 50,000. Mpaka wa pwani yetu kuanzia Tanga hadi Mtwara na visiwa vyake, ufukwe wa Ziwa Victoria, Tanganyika, Nyasa, mito inayotumika kama mpaka, faili rasmi limevichora kwa kina sana na nukta zinaweza kuzidi hapo kwa mbali. Ujue kiasi ulichonacho kwa kuandika sum(num_points($geometry)) kwenye kisanduku cha ekspresheni, inakupa jumla ya leya nzima. Ikiwa inazidi, au faili linazidi MB 5, lazima upunguze.

Usipunguze na kifaa cha Simplify cha QGIS. Hicho kinapunguza kila poligoni kivyake, mpaka wa Kilosa upande wa Kilosa unanyooshwa namna moja na upande wa Gairo namna nyingine, unajitengenezea nyufa mpya kwa mikono yako mwenyewe na umerudi kwenye tatizo lilelile la mistari ya ndani. Tumia mapshaper, iko kwenye mapshaper.org, ya Matthew Bloch, inafunguka kwenye brauza na haihitaji kuinstoli chochote, na data yako haipandi popote inabaki kwenye laptopu yako, jambo la maana kwa kampuni. Yenyewe inatambua kwanza mpaka ambao wilaya mbili wanashirikiana, inaupunguza mara moja, kwahiyo pande zote mbili zinabaki zimeshikana. Buruta mafaili yote ya shapefile (ramani moja inayokuja kama mafaili kadhaa) kwa pamoja, la shp, la dbf, la prj, bonyeza Simplify, tia tiki ile ya kuzuia maumbo kupotea, halafu vuta kile kipimo huku unaangalia ufukwe. Kwa ramani ya nchi nzima asilimia 10 mara nyingi bado inapendeza na faili linakuwa dogo kabisa. Nasema ufanye hivyo ukiwa bado kwenye wilaya kwasababu ile tiki inalinda kila umbo lisitoweke, na kwenye faili la wilaya Mafia ni umbo lake na Ukerewe ni umbo lake, wanalindwa. Ukishaunganisha kuwa kanda, Mafia inakuwa kipande tu cha umbo kubwa la mashariki na ulinzi unahamia kwenye kipande kikubwa.

Sasa ndo unaunganisha. Kwenye QGIS ni Vector, Geoprocessing Tools, Dissolve, unachagua kolamu ya kanda, ile tiki ya kutenganisha vipande visivyogusana unaiacha tupu ili Unguja na Pemba zibaki kitu kimoja chenye jina Zanzibar. Ukisahau kuchagua kolamu itakuunganishia nchi nzima kuwa kipande kimoja, haijaharibika, ni kurudia tu.

Ila Dissolve ina tabia moja ambayo imeshawapotosha watu ofisini bila wao kujua, kwahiyo hapa naomba usome taratibu. Inaunganisha maumbo tu, taarifa haijumlishi. Kwenye kila kolamu nyingine inachukua thamani ya wilaya ya kwanza iliyokutana nayo na kuiacha hapo. Yaani kama ulikuwa na kolamu ya idadi ya wakulima kwa wilaya, kanda nzima ya kusini itaonyesha wakulima wa wilaya moja tu, na namba itaonekana ya kawaida kabisa hakuna kitakachokushtua, utaipeleka kwenye mkutano na mtapanga mzigo wa msimu kwa namba ya uongo. Kama una namba za kujumlisha tumia kifaa kinachoitwa Aggregate kilichoko kwenye Processing Toolbox. Unaandika kanda pale pa kugrupu, halafu kwa kila kolamu unachagua ifanywe nini: wakulima sum, magunia sum, jina la wilaya concatenate ili upate orodha ya wilaya zote za kanda zimetenganishwa kwa koma, na zile zisizo na maana baada ya kuunganisha, kama msimbo wa wilaya, unazifuta kabisa. Au kama unaijua SQL kidogo tengeneza leya pepe (virtual layer) uandike SELECT kanda, sum(wakulima) AS wakulima, st_union(geometry) AS geometry FROM wilaya GROUP BY kanda, na faida yake ni kwamba ukibadilisha wilaya yenyewe inajihesabu upya.

Mistari ya ndani ikibaki hata baada ya yote haya, ina maana faili lenyewe lilikuja na nyufa. Vuta karibu sana uione, utakuta ni tundu refu jembamba. Mapshaper ina konsoli (dirisha la kuandika amri), ukiandika -clean inaziba nyufa ndogo na kuondoa sehemu zilizopandana, kisha -dissolve2 kanda inaunganisha, hiyo ya pili imetengenezwa maalum kwa data yenye nyufa. Ndani ya QGIS kuna Delete holes, unaipa ukubwa wa mwisho wa tundu la kufuta. Usiache kikomo hicho bila kukijaza. Mafaili mengine yamekata maji, Ziwa Rukwa, Eyasi, Natron, Manyara ni matundu halali ndani ya nchi kavu, ukifuta matundu yote umefukia maziwa. Weka kikomo kidogo cha kumeza nyufa tu, na kumbuka kama leya yako iko kwenye digrii basi na hicho kikomo kinasomeka kwa digrii za mraba sio mita, bora uhamishie kwanza kwenye mfumo wa mita.

Na hapo kwenye mifumo ya kuratibu (namna ya kuandika mahali kwa namba) kuna jambo moja la Tanzania. Nchi yetu imekaa kwenye kanda tatu za UTM (mfumo wa mita, sio kanda zenu za kampuni), 35, 36 na 37 kusini, na ramani nyingi za zamani za serikali na za ardhi zimechorwa kwenye Arc 1960 wakati simu na Google wanatumia WGS 84. Tofauti ya hizo mbili kwenye ardhi yetu ni karibu mita 300. Kwa kanda nzima huwezi kuiona lakini kwenye wakala aliye mpakani mwa wilaya inamhamisha, na kama unaunganisha faili moja la Arc 1960 na jingine la WGS 84 bila kuiambia QGIS, ndo utapata mpaka mara mbili unaofuatana sambamba nchi nzima. Ukiona mistari miwili inayokwenda pamoja kwa umbali uleule kila mahali usihangaike na nyufa, hiyo ni ishu ya mfumo. Merge Vector Layers ina sehemu ya kuchagua mfumo wa mwisho, ijaze, weka EPSG:4326 (msimbo wa WGS 84), na hakikisha kila faili limetambuliwa sawasawa kabla. KML yenyewe siku zote ni WGS 84, hiyo huchagui.

Mawakala sasa. Usimwandikie mtu kanda kwa mkono, 3,400 ni wengi mno na utakosea. Kwakuwa unazo nukta zao na unazo kanda, tumia Join attributes by location, nukta iliyoko ndani ya poligoni inachukua jina la wilaya na kanda yenyewe. Watakaobaki bila kanda ndo wa kuwatazama, wengi utakuta wako baharini au nchi nyingine, sababu ya kawaida ni mtu wa fildi kaandika longitudo mahali pa latitudo au kasahau alama ya kutoa mbele ya latitudo, ikampeleka kaskazini mwa ikweta. Bara na visiwani kote sisi tuko kusini mwa ikweta, kwahiyo latitudo yoyote isiyo na alama ya kutoa ni kosa hakuna mjadala.

Kwa ile 2,000 kwa leya, gawa mawakala kwenye leya mbili, ila usigawe nusu kwa nusu tu bila mpango, panga kwa kanda kwanza, kanda za kaskazini, kati na ziwa faili moja, zilizobaki faili jingine, ili mtu akizima leya moja aelewe amezima nini. Jumla utakuwa na leya ya mipaka ya kanda moja, mawakala mbili, maghala moja. Nne kati ya kumi. Kolamu nazo zipunguze, My Maps ina dari la seli 20,000 kwenye majedwali, mawakala 3,400 mara kolamu 6 umeshalizidi, ukibaki na tano umo ndani ila kumbuka kanda na maghala navyo vina seli zake. Namba za simu za mawakala mi ningezitoa kabisa kwenye ramani yenye linki, zibaki ofisini.

Kuna wanaoshauri utengeneze ramani tano tofauti na kuzituma linki tano. Sikushauri. Meneja anataka kuona Njombe na Ruvuma kwa pamoja na hizo ziko linki mbili, na ukirekebisha mpaka inabidi urekebishe kila ramani. Kama siku moja mtakua mpaka 10,000 isitoshe, hamieni uMap ya watu wa OpenStreetMap, haina hilo dari la leya 10, au muwe na QGIS kwa kila anayehitaji kuhariri, ni bure.

Kitu kingine, uliandika kwamba ulitaka leya kwa kila mkoa ili uweze kuchapisha karatasi ya kila mkoa peke yake kwa ajili ya maafisa ugani. Hiyo nayo haihitaji leya nyingi. QGIS kwenye Print Layout ina Atlas, unaiambia leya ya kufuata ni mikoa, inatengeneza PDF ukurasa mmoja kwa kila mkoa, jina juu linabadilika lenyewe, ramani inajivuta yenyewe, kurasa 31 kutoka leya moja. Na kama kuna mtu wa kanda anataka faili lake tu, Split vector layer inakata leya moja kuwa mafaili saba kwa kufuata kolamu ya kanda.

Faili mama liweke kwenye GeoPackage, sio shapefile. Shapefile inakata jina la kolamu likizidi herufi 10, ukiwa na wakulima_wake na wakulima_waume zinabaki wakulima_w na wakulima_1 na hujui ipi ni ipi, wakati GeoPackage ni faili moja tu linalobeba leya zote, wilaya, kanda, mawakala, maghala. My Maps iwe ya kuonyesha, usihariri kule. Mabadiliko fanya kwenye GeoPackage, toa KML upya, na kule kwenye nukta tatu za leya chagua kupandisha upya na kubadilisha vitu vyote, ramani na linki mliyoigawa zinabaki zilezile. Anza na wilaya za Morogoro peke yake, zote mpaka Malinyi, upitie hatua zote mpaka rangi mbili za kanda zionekane My Maps, ndipo ulete nchi nzima. Na kama faili lako halina Malinyi, ikiwa bado imo ndani ya Ulanga, kwa kanda zenu haileti shida maana zote mbili ziko kusini, ila kwenye hesabu ya wakulima kwa wilaya itakuchanganya.